Siku za Kukandwa Mgongo, Lushebere

Kuzaa si kazi, kazi kulea, husema watu. Aliyeanza kusema hivyo nadhani alikuwa mwanamume, tena mwenye mgongo mzima. Mimi nilipozaa mtoto wangu wa nne, kambini Lushebere, mgongo wangu ulikataa kazi zote mbili. Sikuweza kuinama kumwosha mtoto. Sikuweza kuinuka mkekani bila kushika nguzo ya nyumba, na nguzo yenyewe ilikuwa mti mwembamba ulioshikilia bashe, yaani turubai ambalo kwetu lilikuwa paa na kuta pia. Kila nilipoinuka nyumba nzima ilitikisika na watoto wangu wakacheka. Mimi nalia, wao wanacheka. Siwalaumu, kambini hakuna mengi ya kuchekesha.

Maumivu hayo hayakuanza siku ya kuzaa. Yalianza siku tuliyokimbia Kibabi, mimba ikiwa ya miezi saba. Sisi wanawake wa milima ya Masisi hatubebi kichwani. Mzigo hukaa mgongoni na kamba yake hupita kwenye paji la uso. Nilibeba maharage, sufuria mbili na blanketi. Tumbo lilinivuta mbele, mzigo ukanivuta nyuma, na kiuno changu kikawa katikati kama nguo inayokamuliwa. Mume wangu alibeba watoto wawili na jembe, mkubwa wao akatembea. Nilimwambia aache jembe. Hakuacha, na mpaka leo sijui lilikuwa la kulima wapi.

Baada ya kuzaa, maumivu yalikaa kiunoni na kushuka hadi kwenye nyonga ya kushoto. Muuguzi wa kituo cha afya alinipa vidonge, nikavimeza nikalala, nikaamka na mgongo uleule. Vilipokwisha, hapakuwa na vingine. Nilianza kuogopa jambo moja ambalo sikumwambia mtu: kwamba sitalima tena. Kwetu mwanamke asiyeweza kuinama shambani hafukuzwi, la hasha, lakini watu huanza kumsemesha kwa upole, na mimi upole wa namna hiyo siuwezi.

Mume wangu ndiye aliyetuma ujumbe Pinga, kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa akipeleka sabuni na chumvi huko. Pinga ndiko nilikozaliwa, kaskazini mwa Walikale, na mama yangu alikuwa bado anaishi huko. Ujumbe ulikuwa mfupi: mtoto wako amezaa, hasimami. Siku ya nne Mama akashuka kwenye pikipiki, matope hadi magotini, amekumbatia bidoni, dumu la mawese. Mama yangu, ambaye leo hayupo tena, alikuwa mkandaji. Pinga nzima wanawake waliojifungua waliitana kwake.

Hakuuliza habari za njia wala za mjukuu. Alinilaza kifudifudi akanigusa kiuno kwa vidole viwili.

"Weye ulibeba muzigo na mimba?"

"Nilibeba, Mama."

"Na bwana yako alibeba nini?"

"Batoto. Na jembe."

Nilisikia vidole vyake vikisimama. Alitaka kucheka, halafu akajizuia, maana mkwe hasemwi.

Hapo inabidi nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kutoonana. Mume wangu hawezi kula mbele ya mama yangu. Mama yangu hawezi kukanyaga mahali mume wangu anapolala. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Nilipozaa watoto watatu wa kwanza haikuwa shida. Mama alilala kwa jirani, na mume wangu alipitia mlango wa nyuma. Kambini hakuna mlango wa nyuma. Kusema kweli, kambini hakuna mlango. Padri aliyepita kuwasalimu wagonjwa alimwambia Mama kwamba katika vita Mungu hahesabu mambo hayo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote za Mkatoliki, kisha akamjibu, "Padri, weye hauna mukwe."

Basi tukapanga. Mama akalala kwa mjane mmoja, bashe ya tatu kutoka yetu. Asubuhi mume wangu aliondoka kwenda kulima mashamba ya wenyeji, na ndipo Mama alipoingia. Mume wangu akirudi, asimame nje na kukohoa. Nikijibu "ngoja", Mama bado yumo. Nikinyamaza, njia ni nyeupe. Sikio la kulia la Mama lilikuwa limekufa zamani, na la kushoto alilitumia kwa mambo aliyoyapenda tu, kwa hiyo aliyategemea masikio yangu. Mlango wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Alinikanda kila siku isipokuwa Jumapili. Kwanza maji ya moto na kitambaa kilichokamuliwa, kikae kiunoni mpaka kipoe, kisha kingine. Halafu alipasha mawese viganjani na kuanza mbali na mahali penye maumivu, kwenye mapaja na matako, nami nikawa napiga kelele kwamba anapoteza mafuta, siumwi huko.

"Inauma hapa juu," alisema, "lakini haitoke hapa juu."

Alipanda polepole pande zote mbili za uti wa mgongo. Mfupa wenyewe hakuugusa. Akipata mahali pagumu alitia kiganja na uzito wake wote, akabaki hapo bila kusogea mpaka pale mahali pachoke kumkatalia. Kisha alinifunga kitenge chini ya kitovu, kikaze lakini nipumue. Aliniambia nisiinuke kama askari: nigeuke ubavu kwanza, nitie mkono, ndipo nikae. Nilale ubavu na kitambaa katikati ya magoti. Na alinigombeza sana kuhusu kunyonyesha, maana nilikuwa nikijikunja juu ya mtoto.

"Leta mutoto ku titi. Usipeleke titi ku mutoto."

Aliniwekea furushi la nguo chini ya mkono na gunia nyuma ya mgongo. Jioni nilitembea hadi kwenye bomba la maji na kurudi, mikono mitupu. Kamba ya mzigo alikwenda nayo kwa mjane ili nisijaribiwe. Nilikasirika, nikasema ananilinda kama mwizi. Mimi si mtu wa subira, nilitaka mgongo mpya kufikia Jumamosi.

Bashe ikipigwa na jua huwa tanuri. Kukanda ni kazi ya nguvu, na Mama alikuwa mzee. Alikuwa akivua blauzi na kitenge na kubaki na jupo tu, ile nguo ya ndani, amepiga magoti huku na huku ya miguu yangu, jasho likimdondoka mgongoni kwangu. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mlango ulikuwa na mlinzi.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa katika wiki ya pili. Mvua ilianza ghafla, ile mvua ya Masisi isiyopiga hodi, na juu ya turubai ilikuwa kelele tupu. Mama hakusimama. Mikono yake ilikuwa imefika mahali ambapo haikuwa imepafikia tangu nizae, chini kabisa upande wa kushoto, karibu na mfupa wa nyonga. Nilihisi kitu kikiachia. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo. Kwa wiki zote zile mwili wangu ulikuwa umefunga ngumi, na sasa vidole vilikuwa vinafunguka kimoja kimoja. Nilikuwa nikilia kwa raha.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Nilikisikia. Kwa muda mrefu nimejaribu kujidanganya kwamba ni mvua, lakini nilikisikia vizuri, na nilikijua ni cha nani. Nilijua pia kwamba nikisema "ngoja", Mama ataondoa mikono, atavaa, atatoka, na mahali pale huenda asipapate tena. Nikasema moyoni, akandamize mara moja tu, kisha nitajibu. Kikohozi kikaja mara ya pili. Nikabana meno, nikanyamaza. Mume wangu akainua bashe na kuingia, akiwa amembeba mtoto wetu wa tatu, binti ambaye homa ilikuwa imempanda na mvua imemkuta akicheza mbali.

Alimwona mama mkwe wake alivyokuwa. Alirudi kinyumenyume na mtoto wake begani, akasimama mvuani. Mtoto alilia, naye hakuthubutu kumrudisha ndani.

Mama alivaa. Sikuona uso wake maana sikugeuka, niliogopa. Nilidhani atatoka mbio. Badala yake alikaa chini tena, akanifuta mafuta, akanifunga kitenge chini ya kitovu kama kila siku, akajaribu kwa kidole kama nitapumua. Akasema mtoto mgonjwa aletwe ndani. Kisha akatoka kwa upande mwingine, akiinua turubai chini na kutambaa kwenye matope, mwanamke wa umri ule, ili asipite mbele ya mkwewe. Kesho yake asubuhi pikipiki ilimchukua kumrudisha Pinga. Mjane ndiye aliyeniletea kamba yangu na mawese yaliyobaki.

Mume wangu aliumia kwa namna ambayo sikuitarajia. Ni mtu mkimya, mkulima na mtoto wa wakulima, na katika ndoa yetu yote heshima yake kwa mama yangu ilikuwa kitu alichojivunia kimyakimya. "Sikukohoa kwa nguvu," aliniambia. "Mvua ilikuwa mingi, sikukohoa kwa nguvu." Alingoja niseme neno. Nikakubali, "Njo vile, mvua ilikuwa mingi." Tangu siku hiyo akawa anakohoa kila mahali, akiingia kwa jirani, akikaribia choo, akija kulala kwake mwenyewe. Watoto walimwiga. Mimi nilimwacha akohoe.

Mgongo wangu, nisiwe mwongo, uliendelea kupona. Mganga wa viungo, ambaye huku tunamwita kine, alikuwa akija kituo cha afya kila Jumatano, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na sauti ya ualimu. Alinilaza chali, magoti juu, nitoe pumzi polepole huku nikivuta tumbo ndani na kubana kiuno kwenye mkeka, nihesabu hadi tano, niachie. Halafu niinue makalio kidogo. Halafu magoti na viganja chini, nikunje mgongo na kuunyoosha. Kila siku, kidogo kidogo, na nikisikia maumivu makali nisimame. Alipopita na vidole kwenye kiuno changu aliuliza nani amekuwa akinikanda.

"Mama yangu."

"Anajua kazi. Mwambie aendelee."

Nilisema nitamwambia. Nilikwenda nyuma ya kituo nikalia mpaka mtoto alipoamka.

Wazee wa upande wa mume wangu walimweleza kinachotakiwa. Hawezi kumtokea mama mkwe wake mikono mitupu baada ya jambo kama lile. Apeleke kuku jike mweupe na kitenge kipya, na mjomba wake aende mbele kusema, maana mwenye aibu hajisemei. Kuku alipatikana, tukamfunga mguu kwenye nguzo ya bashe. Kitenge kikapatikana. Mjomba ndiye hakupatikana. Vita vilikuwa vimemtupa upande wa Kalehe, na kila wiki alituma neno kwamba anakuja.

Njia ya Pinga wakati huo ilikuwa wazi. Nilimwambia mume wangu nataka kwenda kumwona Mama, mgongo sasa unaweza pikipiki. Akakataa, si kwa ukali.

"Ukienda bila kuku na bila mujomba, batu ba kwenu batasema nimekufukuza. Ao batasema nimemuzarau mama yako mara ya pili. Tumungoje."

Ningeweza kulimaliza pale pale. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema, kwa sababu nilimjua mume wangu na sikutaka kuona macho yake yakijua.

Ndipo Mama akanipigia, kwa simu ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye duka pale Pinga. Alikuwa akipiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Mugongo iko aje?"

"Inapona, Mama. Nanyonyesha nikiwa nimekaa muzuri."

"Na kamba?"

"Bado siigusi."

Akasema ni vizuri. Kisha nikajisikia nikisema, "Mama, ile siku nilimusikia. Alikohoa mara mbili. Nilimusikia nikanyamaza."

Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia. Akasema, "Najua."

"Unajua namna gani?"

"Mugongo yako ilikuwa imelegea. Halafu ikakaza chini ya mikono yangu. Nikajua unasikia muntu inje."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuacha, kwa nini hakushika nguo zake.

"Ilikuwa imefika pale njo inauma. Nikasema nimalizie mutoto wangu, yeye atangoja kidogo. Hakungoja." Kisha, kwa sauti ya chini iliyonifanya nibane simu sikioni: "Ambia bwana yako. Weye ulijua, miye nilijua. Ni yeye peke yake njo hakujua kitu, na aibu yote iko kwake."

Niliahidi. Nilikata simu nikiwa mwepesi kama mtu aliyeungama, na mwenye kuungama huona kazi imekwisha. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni alirudi amechoka. Nikasema Jumapili, baada ya misa. Jumapili mjomba alituma tena neno kwamba anakuja. Nikajipa moyo kwamba akija mjomba, tutaenda wote, na huko Pinga Mama mwenyewe atasema, naye atasema vizuri kuliko mimi. Kuku alikuwa ameanza kutaga, na watoto walikula mayai ya aibu ya baba yao bila kujua.

Kisha mapigano yakaanza upande wa Walikale na njia ikafungwa. Mtandao wa Pinga ukakatika. Tulikaa hivyo, bila sauti wala mtu, mpaka dereva wa pikipiki aliyepita msituni alipofika Lushebere na kunitafuta bashe kwa bashe. Mama alikuwa ameugua kifua. Hakukaa siku nyingi. Walikuwa wameshamzika, na dereva huyo aliniletea rozari yake ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya daftari.

Mume wangu alilia kabla yangu. Alikaa nje ya bashe, mikono kichwani, akirudia kwamba amemwacha mama wa watu afe na aibu yake, kwamba hakukohoa kwa nguvu. Majirani walikuja kunipa pole wakamkuta yeye ndiye wa kupewa. Nilimsikiliza mpaka nikashindwa. Watu walipoondoka nilimwita ndani, nikamwambia yote: kikohozi cha kwanza, cha pili, mikono ya Mama mahali ilipokuwa, simu, na kile alichonituma kusema.

Alisikiliza huku akiangalia chini. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Siku gani ulisema naye ku simu?"

Nikamwambia.

"Njia ilikuwa wazi."

"Ilikuwa wazi."

"Ungeniambia," alisema, "ningekupeleka asubuhi ile ile. Singelazimika kuleta kuku ya kosa yenye sikufanya. Ungemuona mama yako."

Alisema polepole, bila kupandisha sauti. Kisha akainuka, akatoka nje, akamfungua kuku mguu na kumwacha aende.